Chai ya Chumo na Seva Tano

Vijana, mmeniomba niandike mambo ya kuwasaidia kazini, ati mzee anajua mengi. Nimekaa kibarazani hapa nyumbani, mgongo unauma, na ninaandika. Lakini msingoje sifa. Kama mnataka sifa, nendeni kwa mstaafu mwingine, wako wengi na wote ni mashujaa.

Simu zenu zikiwaandikia "sasisha" mnabonyeza, maisha yanaendelea. Kazini ni vilevile: mtu anakaa na kikombe chake, anabonyeza mara moja, chumba kizima cha seva kinabadilishwa firmware, yeye hata hajainuka kwenye kiti. Sisi tulikuwa tunasema ku-apdeti, na neno lenyewe lilitutia jasho.

Nieleze kwa yule ambaye hajashika kazi. Seva ina programu nyingi, lakini iko moja ndogo iliyochomwa ndani ya chip. Hiyo ndiyo inayoiambia mashine ikiamka kwamba hizi ni diski zako, hizi ni feni zako, haya, anza kazi. Ndiyo firmware. Ukiibadilisha, kuna dakika chache ambapo ya zamani imefutwa na mpya haijaingia yote. Umeme ukiyumba katika dakika hizo, mashine inabaki bila kujua lolote. Haiwaki. Unaweza kuibembeleza, unaweza kuitukana, haiwaki. Tulikuwa tunasema imekuwa jiwe.

Mimi niliingia kazi hii nikiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya kupanda milingoti ya simu za mezani. Simu za mkononi zilipotumaliza, nikaajiriwa na Bwana Jaspal, Singasinga mmoja wa Nakuru aliyegeuza godauni la marehemu baba yake kuwa chumba cha seva. Tulitunza mashine za hospitali moja, za mashamba ya maua ya Naivasha, za shule na vyama vya maziwa. Ukuta kwa ukuta na sisi kulikuwa na kinu cha ngano. Sasa niulizeni ni nani anaweka seva jirani na kinu. Ni mtu aliyerithi godauni, basi. Unga ulipenya kila mahali, na kila Jumatatu nilikuwa nafuta feni kwa brashi ya rangi huku nikipiga chafya.

Aliyenifundisha alikuwa Owuor. Babake alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, na Owuor akazaliwa hapo hapo kwenye landhi za Nakuru, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, akasomea hapo, akaolea hapo. Alikuwa mrefu, mpole, na mwenye kuudhi sana kwa utaratibu wake. Kiwanda kikituma maelezo ya firmware mpya, alinisimamisha niyasome kwa sauti kama somo la kanisani, mara mbili, hata ile mistari ya mwisho ambayo hakuna binadamu husoma. Nilikuwa nanung'unika. Nilimwambia mimi ni baba wa watoto watatu, sio mwanafunzi wa darasa la nne. Alijibu kwamba darasa la nne husoma vizuri kuliko mimi, niendelee.

Alikuwa na sababu. Wiki yangu ya pili pale nilipakia firmware ya modeli nyingine kwa sababu namba zilifanana isipokuwa herufi moja mwishoni. Mashine haikufa, ila feni zake zote zilianza kuzunguka kwa nguvu zote na zikakataa kutulia. Ilinguruma siku nne. Bwana Jaspal, ofisi yake ikiwa juu, alimtuma askari wa getini aulize ni lori la nani limeachwa likiunguruma uani. Owuor alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, halafu akachukua lawama nusu, akamwambia boss kwamba yeye ndiye alipaswa kunisimamia. Hilo nililikumbuka baadaye sana, wakati haukuwa na maana tena.

Basi sheria zake zilikuwa tatu. Kwanza, unaonja: mashine moja ndogo inabadilishwa, inaachwa siku kadhaa, ikikaa vizuri ndipo unagusa nyingine. Pili, hata baada ya kuonja, unaenda moja moja, hata kama ni kumi na zote zinafanana. Tatu ndiyo itawachekesha. Kabla ya kuweka diski ya firmware mpya kwenye mashine, unaenda kunywa chai kwa Chumo.

Chumo alikuwa nyapara wa kinu. Mota yake kubwa na seva zetu zilikula umeme wa transfoma moja, na kila mara mota ilipoanza kuzunguka taa zetu zilififia. Tulikuwa na betri za kushikilia umeme, ile UPS, lakini zilikuwa zimezeeka na zilishikilia zinapojisikia. Tulimwambia boss mara nyingi. Boss alisema tutaona. Kwa hiyo usalama wetu haukuwa betri, ulikuwa ni Chumo. Jumapili, ofisi za wateja zikiwa zimefungwa, mmoja wetu alivuka ua, hatua kama ishirini hivi, anamsalimu, anauliza watu wa nyumbani, anapewa kikombe cha bati chenye chai iliyojaa maziwa na anakaa juu ya gunia. Huulizi moja kwa moja. Mkimaliza ya ng'ombe na ya mvua, ndipo unasema leo tuna kazi kidogo. Chumo anavua kofia yake, anaitundika kwenye swichi kubwa, na kofia ikiwa pale hakuna mfanyakazi wa kinu anayegusa mota hata mwenye kinu akija mwenyewe. Ukimaliza unarudi kumwambia, anavaa kofia yake.

Nilikuwa naona ni upuzi wa wazee. Nilimwambia Owuor kwamba ulimwengu mzima unapiga simu, sisi tunakunywa chai. Akasema simu inamfikia mtu mmoja, kofia inaonekana na wote.

Mwisho wa mwaka 2007 kiwanda kilitutumia onyo. Kulikuwa na kasoro katika firmware ya seva sita tulizokuwa nazo za aina moja: zikikaa muda fulani bila kuzimwa, zingeanza kuzikataa diski zao wenyewe. Owuor aliandaa diski ya firmware mpya, akaonja mashine moja kabla ya Krismasi, ikakaa vizuri. Akaandika kwenye daftari letu orodha ya zile tano zilizobaki, kwa mwandiko wake ule wa kulala, tuzifanye mwaka ukifunguka.

Mwaka ulifunguka vile mnajua, au vile mmesimuliwa. Kura zilihesabiwa na watu wakaanza kuuana. Sitaeleza yote. Nitasema yaliyotuhusu sisi watatu. Watu wa kabila langu walipita mtaa aliokaa Owuor wakigonga milango na kuuliza majina. Yeye, mkewe na watoto walitoka na nguo walizovaa, wakalala siku kadhaa kituo cha polisi, wakapanda lori lililosindikizwa kwenda magharibi, kwenye boma la babu yake ambako yeye alikuwa mgeni. Na kule Molo, watu wa kabila la Chumo walichoma nyumba ya dada yangu. Akaja Nakuru na watoto wake, wakawa wanalala kwenye hema uwanja wa maonyesho, maana kwangu kulikuwa kumeshajaa wengine.

Owuor alinipigia simu mwezi wa pili. Simu ilikuwa inakatika. Alisema zile tano haziwezi kungoja zaidi, siku zinahesabika. Akasema nifanye moja kila Jumapili, wala nisikimbie. Akasema nimsalimie Chumo. Nilisema sawa.

Jumapili hiyo nilifika saa saba mchana. Nilitaka kumaliza mapema nirudi nyumbani jua likiwaka, kwa sababu njia hazikuwa za kuaminika. Geti la kinu lilikuwa wazi, na Chumo alikuwa amekaa juu ya magunia na vijana wake wawili. Aliponiona aliinua mkono. Nataka mjue hilo vizuri. Aliinua mkono, akanisalimu kama Jumapili zote. Mimi niliangalia chini nikaingia ndani, nikafunga mlango kwa komeo.

Nilijiambia kinu hakijafanya kazi wiki nzima, ngano ya Njoro haipiti barabarani, mota haitawashwa leo. Hiyo ndiyo hesabu niliyojipa. Lakini ukweli ni kwamba nilimwogopa, na zaidi ya kumwogopa nilimchukia, mtu aliyenipa chai zaidi ya mwaka mzima, kwa sababu ya moto uliowashwa na watu ambao hata yeye hakuwajua. Hatua ishirini zilinishinda. Mimi, niliyepanda milingoti ya simu kwenye mvua ya mawe.

Na kwa vile nilikuwa na haraka, sikufanya moja. Nilikuwa nimechoma nakala nne za diski ya Owuor, nikaweka diski kwenye seva zote tano na kuzianzisha pamoja. Nilivuta kiti nikaangalia mistari ikipanda kwenye skrini. Zilifika karibu nusu. Kisha nikasikia mota ya kinu ikikoroma, taa zikafifia, betri zetu zikapiga kelele mara moja na kunyamaza. Chumba kikawa kimya kabisa. Umeme uliporudi, zile seva nyingine ziliamka. Zile tano hazikuamka.

Nilizizima nikaziwasha. Nilichomoa nyaya nikachomeka. Nilipiga magoti mbele ya moja nikaomba Mungu kwa lugha ya mama. Mawe matano.

Nilipotoka nje nilimkuta Chumo akifunga mdomo wa gunia. Nilimuuliza kwa hasira ni nani aliyemruhusu kuwasha kinu siku hiyo. Alisema kwa upole kwamba wameletewa ngano chini ya ulinzi asubuhi hiyo, wasage haraka, unga ni wa watu wa uwanja wa maonyesho, hawajala tangu jana. "Nilikusalimu," akasema. "Ungekuja, ningetundika kofia." Dada yangu alikuwa mmoja wa waliongoja unga ule.

Sasa nasikia mnasema, mzee, hilo ni kosa, makosa hutokea. Kweli. Kosa la kazi linasameheka, na kama ningeishia hapo leo ningewaandikia hadithi ya kuchekesha. Endeleeni kusoma.

Jumatatu hospitali iliamka bila majalada ya wagonjwa. Karani mmoja alikuwa anaandika majina kwenye daftari la shule, foleni imetoka mpaka nje. Bwana Jaspal alishuka chumbani kwa seva akiwa hajafunga hata kilemba chake sawasawa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekesha usiku kucha akilinda duka la ndugu yake. Aliuliza kumetokea nini. Kwenye meza daftari lilikuwa wazi, na pale palikuwa na orodha ya seva tano kwa mwandiko wa Owuor. Pembeni ilikuwa diski yake na jina lake juu.

Nilisema, "Diski aliiandaa Owuor. Mimi nimeweka tu."

Hakuna neno la uongo hapo. Lipimeni mtakavyo. Kila neno ni kweli, na ndilo neno baya kuliko yote niliyowahi kusema maishani mwangu. Boss alishika ile diski, akaiangalia mbele na nyuma kana kwamba ubaya ungeonekana kwa macho. Akasema, basi huyo mtu ametuharibia, kisha akaenda zake. Nilinyamaza. Nilijiambia Owuor yuko mbali, huenda hatarudi kamwe, neno hili halitamfikia. Nilikuwa na watoto watatu na nyumba iliyojaa wakimbizi. Nilijipa sababu nyingi siku hiyo, na zote zilikuwa nzuri.

Bodi mpya, zile zinazobeba chip ya firmware, zililetwa kutoka Nairobi baada ya siku tisa. Nilirekebisha seva nne, ya tano tukaiacha mahali pake tuwe tunatoa spea. Niliivusha kazi yote peke yangu, nikasifiwa kwa kuokoa kampuni.

Owuor alirudi mwezi wa nne, nchi ilipotulia. Alikuwa amekonda na amevaa koti la mtu mwingine. Boss alimwambia pale pale uani kwamba hana kazi tena, na sababu akamwambia, na nafikiri kila mtu aliyekuwa na masikio upande ule wa mji aliisikia: fundi aliyeua seva tano kwa diski mbovu. Owuor hakubishana. Aliomba aingie chumbani achukue vitu vyake.

Niliingia naye kwa sababu nisingeweza kukataa. Alichukua sweta yake, bisibisi zake, picha ya wanawe iliyokuwa ukutani. Kisha akasimama mbele ya ile seva ya tano. Alichomeka waya wa umeme, akachomeka laptopu yake. Hapa niwafundishe jambo, na mlishike. Seva ikifa firmware yake kuu, bado ina chip nyingine ndogo ya ulinzi inayoishi peke yake, na hiyo inaandika kila kitu: tarehe, saa, joto, umeme. Mimi nilikuwa sijui. Hilo somo alikuwa hajafika kunifundisha.

Alisoma mistari kwa kidole, pole pole, kama alivyonisomesha. Tarehe ya Jumapili ile, yeye akiwa magharibi. Firmware imeanza kuingia. Saa nane na dakika arobaini, umeme umeshuka. Hakuna kingine. Diski haikuwa na kosa lolote.

"Ndirangu," akasema bila kugeuka, "hukwenda kwa Chumo."

Nilimwambia nilikuwa naogopa.

"Chumo alikufanya nini?"

Nikasema hakuna.

Nilitamani anitukane, anipige hata kofi, ningelipokea. Badala yake Bwana Jaspal alifika mlangoni akauliza kama amemaliza. Skrini ilikuwa imeelekea kwake, mistari yote iko pale, lakini yeye si fundi, kwake ilikuwa namba tu. Mtu alihitaji kumsomea. Owuor hakumsomea. Alinigeukia mimi, akaningoja. Sijui ulikuwa muda gani. Ulikuwa wa kutosha mtu kusema maneno manne, boss, ni mimi nilikosea, na kubaki na nafasi ya kuvuta pumzi. Boss alituangalia sisi wawili akiona tumesimama tu. Nilitazama sakafu.

Owuor alifunga laptopu. "Nimemaliza, boss," akasema. Akaweka vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Mlangoni alinishika bega akaniambia zile betri zibadilishwe kabla ya mvua kubwa, nisikubali kuambiwa tutaona. Kisha akatoka. Alitafuta kazi hapa Nakuru miezi kadhaa, lakini jina lake lilikuwa limemtangulia kila mlango, na akarudi magharibi. Nasikia anafundisha kompyuta katika shule fulani huko. Namba yake ninayo. Nimeiandika kwenye simu tatu tofauti, kila nilipobadilisha simu, na sijawahi kuipiga.

Mimi nilipewa cheo chake. Sheria zake tatu ndizo nilizowafundisha nyinyi, mkadhani ni zangu, nami sikuwasahihisha. Chumo alizikwa miaka mingi iliyopita. Nilienda mazishini na nilikaa nyuma kabisa. Nilikuwa nimeanza tena kunywa chai yake mwaka huo huo wa 2008, na hakuwahi kunikumbusha. Ningependa angenikumbusha.

Na siku ile mliponiaga, mkanipa blanketi na keki yenye jina langu, Bwana Jaspal alisimama kwa taabu na fimbo yake akawaambia kwamba katika miaka yote niliyoongoza chumba kile hakuna seva hata moja iliyofia mikononi mwangu. Kwamba zile tano za zamani ziliuawa na mwenzangu, na mimi ndiye niliyezifufua. Mkapiga makofi. Wengine wenu mlisimama. Mlinipa nafasi niseme neno, nikachukua maikrofoni, nikawashukuru kwa keki.